Nani Ameipasha Nchi Moto?

Mvua ilipogoma, wazee wa Upare wa Kaskazini hawakuanza kwa kuuliza itanyesha lini. Waliuliza nani ameharibu. Kwa mapokeo yao nchi inatakiwa iwe na ubaridi, na ubaridi huo ndio uzima wake: mvua inafika kwa wakati, mimba zinakua, migomba inabeba, ndugu wanaelewana. Damu ikimwagika pasipostahili, mwiko wa msitu ukivunjwa, watu wa ukoo mmoja wakifarakana, nchi inapata joto, na nchi yenye joto haioni mvua. Hapo mkosaji alitafutwa, akakiri, mnyama akachinjwa penye mpungi, yaani msitu mdogo wa ukoo yalikohifadhiwa mafuvu ya wahenga, na nchi ikapozwa. Msomi Mmarekani Michael Sheridan, aliyefanya utafiti kwenye milima hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990, aliipa tasnifu yake jina linalotokana na wazo hilo hilo la kuipoza nchi.

Wazo hili unaweza kulisoma kama ushairi au kama ushirikina, inategemea umelelewa na nani. Walutheri wa Leipzig waliofungua misheni Shighatini mwanzoni mwa karne ya 20 walilisoma kwa namna hiyo ya pili, na vitukuu wengi wa waumini wao wanalisoma hivyo mpaka leo. Mimi nataka kulisoma kama hoja, tena hoja nzito, kuhusu mkono wa binadamu katika hali ya hewa. Nitaliweka kando ya mapokeo mengine mawili yaliyoikodolea macho Bahari ya Hindi kwa muda mrefu: ya Waswahili na Waarabu wa pwani waliohesabu mwaka kwa miongo ya siku kumi kumi, na ya wanasayansi wanaopima joto la maji. Maana hao wa mwisho, baada ya karne nzima ya kutenganisha kazi ya maumbile na kazi ya watu, sasa wanaungama kwamba kwa upande wa bahari mpaka huo hauchoreki kirahisi. Wazee wa Ugweno hawakuwahi kuuchora.

Shighatini iko Ugweno, wilaya ya Mwanga, juu kabisa ya tambarare kame inayopitiwa na barabara ya Same kwenda Moshi. Ukipanda kutoka Mwanga mjini unaacha miiba na vumbi, unaingia kwenye migomba, kahawa, magimbi na miwa kando ya vijito. Siku isiyo na wingu Kilimanjaro inaonekana upande wa kaskazini, na chini mashariki linalala Ziwa Jipe, penye mpaka na Kenya. Tofauti yote hiyo kati ya huko juu na huko chini inaletwa na bahari ambayo haionekani kutoka popote hapo. Hewa yenye unyevu inasukumwa kutoka Bahari ya Hindi, inagonga milima, inalazimika kupanda, inapoa, inamwaga. Inafanya hivyo mara mbili kwa mwaka: vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Mkulima wa mlimani mara nyingi ana shamba juu na jingine tambarare, na kosa la wiki mbili katika kupanda mahindi ya huko chini linaweza kula mbegu yote.

Ndiyo maana watu walijifunza kusoma dalili. Mwembe ukichanua kupita kiasi, wengi Tanzania huusoma kama onyo la ukame. Dudumizi akilia mfululizo, kumbikumbi wakitoka, joto la usiku likiwa la kukosesha usingizi, majembe yanatafutwa. Hakuna muujiza hapo. Mti na mdudu huhisi joto na unyevu wa hewa mapema kuliko sisi, na hewa hiyo imetoka baharini. Kwa hiyo mzee aliyekuwa akimtazama mwembe alikuwa akiisoma bahari kupitia kwa mwingine.

Lakini kwa maoni yangu hazina kubwa ya mapokeo ya Upare haiko kwenye dalili. Iko kwenye ndiva. Ndiva ni bwawa dogo linalochimbwa mtelemkoni chini ya kijito, likazungushiwa ukuta wa mawe na udongo, siku hizi mara nyingi na saruji. Mfereji, yaani mfongo, unaingiza maji usiku kucha wakati hakuna anayemwagilia. Alfajiri mwenye zamu anazibua tundu lililo chini ya ukuta. Maji yaliyolala yanatoka kwa kishindo, yanajaza mfereji wa chini na kufika hadi shamba la mwisho. Kijito kile kile kingeachwa kitiririke chenyewe kingenywewa na ardhi kabla ya kufika nusu ya njia. Hiyo ndiyo hesabu nzima: maji machache ya saa nyingi yanageuzwa kuwa maji mengi ya saa chache. Mifereji ilikuwa mali ya koo zilizoichimba, ilikuwa na miiko yake, na asiyekwenda kuisafisha alijua kitakachompata. Uzuri wa ndiva ni kwamba haimwambii mtu mvua itakuwaje. Inakubali tangu mwanzo kwamba kesho haijulikani, ikalaza maji ya leo.

Pwani mambo yalikwenda kwa njia nyingine kabisa. Mwaka wa baharini ulianzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya yenye asili ya Uajemi, ambayo Makunduchi, kusini mwa Unguja, bado inaadhimishwa kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Kuanzia siku hiyo wajuzi walihesabu siku kumi kumi, mwongo baada ya mwongo, miongo thelathini na sita na siku tano za ziada. Kila mwongo ulikuwa na kazi yake: lini kupanda, lini mvua za mchoo, lini kaskazi itaanza kuvuma, lini jahazi lisithubutu kutoka bandarini. Ahmad ibn Majid, nahodha wa Julfar iliyo Ras al-Khaimah ya leo, aliyekamilisha kitabu chake kikuu cha ubaharia karibu mwaka 1490, alitaja misimu ya kusafiri kwa kuhesabu siku za Nairuzi vivyo hivyo. Huko Ghuba hadi leo wapo wazee wanaohesabu durur, makumi yanayoanzia kuonekana kwa nyota ya Suheli mwezi Agosti. Mtu wa Makunduchi na mtu wa Ras al-Khaimah wangeelewana bila mkalimani kuhusu jambo hili, kwa sababu wote wawili waliishi kwa pepo zilezile, kusi na kaskazi, na bahari ileile.

Katika hesabu hii mwanadamu hana mkono. Mwaka unageuka kwa amri ya Mungu na mwendo wa nyota, na kazi ya mtu ni kuujua na kuufuata. Najua nitapingwa kwa mfano wa Makunduchi kwenyewe, ambako wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba ili kinyongo cha mwaka uliopita kiishe. Je, huko si kupoza nchi? Kunafanana, lakini mpangilio umepinduka. Ugweno watu wanapatana ili mvua ije. Makunduchi watu wanapatana kwa sababu mwaka umekuja. Mlimani maadili ni sababu ya majira, pwani ni adabu ya kuyapokea.

Kuna jambo moja la Nairuzi linalonivutia zaidi, nalo halisemwi sana. Mwaka wake ni wa siku 365 kamili, hauna siku ya nyongeza kila baada ya miaka minne. Matokeo yake unateleza: siku moja kila miaka minne, siku zipatazo ishirini na tano kila karne. Mwongo uliokuwa wa kupanda enzi za mababu, baada ya karne tatu haukuwa tena mahali pake, na wajuzi iliwabidi kuurekebisha. Kwa hiyo mapokeo yanayoonekana kuwa ya saa isiyokosea yalikuwa yamebeba ndani yake mteremko wa polepole, na wenyewe waliuzoea. Walichoweza kukizoea ni mteremko wenye mwendo mmoja. Bahari yenyewe waliihesabu kuwa imetulia mahali pake.

Mapokeo ya tatu hujitangaza kuwa hayana undugu na haya mawili, lakini nayo yalizaliwa na wavuvi. Ni wavuvi wa kaskazini mwa Peru waliolipa jina la El Niño joto linalofika pwani yao karibu na Krismasi. Mpishano wa joto wa Pasifiki ya Kaskazini, ule unaochukua miongo ya miaka, ulipewa jina katika miaka ya 1990 na wataalamu wa samaki wa Marekani waliokuwa wakishangaa kwa nini samoni hujaa Alaska miaka ishirini au zaidi kisha hupungua. Njaa nayo ilikuwa mwalimu. Mwaka 1899 mvua za India zilikwama na watu wakafa kwa wingi. Miaka hiyo hiyo Afrika Mashariki nayo ilikuwa kwenye njaa kubwa. Mwaka 1904 Mwingereza Gilbert Walker alikabidhiwa ofisi ya hali ya hewa ya India, akaanza kutafuta dalili za ukame katika takwimu za dunia nzima, na katika miaka ya 1920 akaeleza jinsi mgandamizo wa hewa wa Pasifiki na ule wa Bahari ya Hindi unavyopanda huku na kushuka kule. Alikuwa anatafuta mwembe wake, ila wa kimataifa.

Bahari yetu wenyewe ilingoja hadi 1999, pale makundi mawili ya watafiti yalipoeleza katika toleo moja la jarida la Nature kile kinachoitwa dipoli ya Bahari ya Hindi. Kwa kawaida maji ya upande wa Sumatra huwa ya moto kuliko ya kwetu. Miaka mingine mambo yanageuka: kule kunapoa, huku kunachemka, mawingu yanahamia kwetu, na vuli inakuja na gharika. Ukiisoma historia ya nchi kwa ufunguo huo mengi yanafunguka. Mwaka 1961, mwaka wa uhuru wetu, ilinyesha hadi Ziwa Viktoria likapanda kwa zaidi ya mita mbili katika miaka michache. Mwaka 1997 dipoli na El Niño viliungana, na tangu hapo Mtanzania wa kawaida anatamka El Niño kama anavyotamka jina la jirani. Novemba 2009, mwaka mwingine wa El Niño, mlima ulimeguka Goha, Mamba Miamba, upande wa Same, ukazika nyumba na watu wake. Mwaka 2019 dipoli ilifika kileleni bila msaada wowote wa El Niño. Mwaka 2023 zikaja zote mbili tena, na Desemba tope la Mlima Hanang likaingia Katesh. Dipoli ikielekea upande wa pili, kama mwaka 2016, vuli hukatika na mahindi ya tambarare hunyauka.

Hizi ni pumzi za mwaka mmoja au miwili. Bahari ina pumzi ndefu zaidi, za miaka kumi, ishirini, hata sitini, na hakuna kipimajoto kilichokaa majini muda wa kutosha kuzisimulia. Hapo sayansi ilibidi itafute wazee wake. Mmoja alikuwa tumbawe la Malindi. Mwaka 2000 Julia Cole na wenzake, wakiwemo Tim McClanahan na Nyawira Muthiga wanaofanya kazi pwani ya Kenya, walichapisha historia ya miaka 194 waliyoisoma kwenye pete za tumbawe hilo, mwaka kwa mwaka. Walikuta joto la maji ya Malindi limekuwa likipanda na kushuka kwa miongo ya miaka kwa kufuatana na Pasifiki, bahari iliyo upande wa pili wa dunia, na chini ya mapigo hayo kulikuwa na ongezeko linaloweza kufikia nyuzi 1.3 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1800.

Mzee wa pili anaishi karibu na Ugweno, na ni ajabu jinsi asivyotajwa kwenye shule zetu. Ziwa Chala, lililo kwenye shimo la volkano mpakani, kaskazini ya Taveta, lina maji ya kina kirefu na tope tulivu. Kila mwaka tope hilo hujiandika mistari miwili: mweupe wa mabaki ya mwani wakati wa kiangazi na upepo mkali, mweusi wakati wa mvua. Mstari mweupe ukiwa mnene, mwaka ulikuwa mkavu wenye upepo. Mwaka 2011 Christian Wolff na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba kwa miaka elfu tatu iliyopita unene wa mistari hiyo umekuwa ukicheza pamoja na El Niño na dada yake La Niña. Kisha walirudi nyuma zaidi, kwenye zama za barafu, takriban miaka elfu ishirini iliyopita, dunia ilipokuwa baridi. Mistari ya wakati huo ilitofautiana kidogo sana: nchi ilikuwa kavu zaidi, lakini mwaka mmoja ulifanana na mwingine. Dunia baridi, misimu mitulivu, na dunia ya moto, misimu yenye kurukaruka. Sisemi wazee wa mpungi walilijua tope la Chala. Nasema tu kwamba lile wazo lao kuu, kwamba ubaridi ndio utulivu wa mvua, lina shahidi asiyetarajiwa kabisa, na shahidi huyo anakaa jirani.

Sasa tufike penye utata. Kwa muda mrefu wanasayansi walikuwa na mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mipishano ya asili: bahari inapanda na kushuka yenyewe, ilifanya hivyo kabla ya viwanda, itaendelea. La pili ni joto la gesi tunazozitoa, mstari unaopanda polepole. Kazi ilikuwa kuondoa la kwanza ili kuliona la pili. Masika yetu ndiyo yaliyowatoa jasho. Tangu miaka ya 1980 masika ya Afrika Mashariki yalikuwa yakipungua, huku programu za kompyuta zikisema dunia ikipata joto yataongezeka. Jambo hilo likaitwa fumbo la Afrika Mashariki. Bradfield Lyon na wenzake walisema upungufu mkubwa wa baada ya 1998 unatokana na Pasifiki kugeuka, na kwamba huenda ni mpishano wa asili tu, utarudi. Chris Funk na wengine wakasema la, ni joto jipya la maji ya magharibi mwa Pasifiki na Bahari ya Hindi. Mwaka 2019 Caroline Wainwright na wenzake waliongeza kwamba masika hayakupungua nguvu bali yalipungua siku: yanachelewa kuanza na yanawahi kuisha. Mkulima wa Shighatini aliyesikia mzozo huu angeutambua mara moja. Ni shauri lile lile la baraza la wazee: je, hili ni la kawaida ya nchi, au kuna mtu?

Na jibu linazidi kuelekea kwamba kuna mtu, hata pale palipodhaniwa pana maumbile matupu. Michael Mann, mmoja wa waliotumia kwa mara ya kwanza jina la mpishano wa miongo wa Atlantiki mwaka 2000, miaka ishirini baadaye aliandika kwamba mpishano huo wa asili pengine haupo. Uliodhaniwa kuwa pumzi ya bahari ulikuwa alama ya volkano za kale na, katika karne ya 20, ya moshi na gesi za viwanda. Napenda ujasiri huo. Si wazee wengi wa baraza, wa mlimani au wa chuo kikuu, wanaoweza kumkana mtoto waliyempa jina wenyewe. Mwaka 2025 Jeremy Klavans na wenzake wakasema katika Nature kwamba sehemu kubwa ya mwelekeo wa miongo ya karibuni wa ule mpishano wa Pasifiki ya Kaskazini, ule wa samoni, imesukumwa na uchafuzi wa binadamu. Kama ni kweli, basi ule ukame wa masika uliowekwa kwenye fungu la asili unahitaji kufunguliwa faili upya.

Mkono wa mtu haukuishia kusukuma mpishano. Umeanza kuubadili mwendo wake. Wenju Cai na wenzake walikadiria mwaka 2014 kwamba kama gesi zitaendelea kutolewa kwa wingi, dipoli kali zitatoka moja kila miaka 17 hivi katika karne iliyopita hadi moja kila miaka sita hivi katika karne hii. Baadaye, mwaka 2021, walisahihisha: zile kali zinaongezeka, zile za wastani zinapungua. Katikati panamomonyoka. Matumbawe ya Sumatra yaliyosomwa na Nerilie Abram, yenye vipande vya kumbukumbu vinavyorudi hadi mwaka 1240, yana dipoli kali kumi tu, na nne kati yake zimetokea ndani ya miaka sitini ya mwisho.

Kuna badiliko jingine lililo kimya zaidi, na ninaliona zito kuliko yote. Upepo hukoroga maji ya juu ya bahari hadi kina fulani, na tabaka hilo lililokorogwa ndilo linalotunza joto la msimu mmoja hadi mwingine. Mvuvi wetu anajua kwamba kusi huchafua bahari na kuileta baridi ya chini juu. Sasa maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, yanagoma kuchanganyika na ya chini, na tabaka lenyewe linakuwa jembamba. Sufuria kubwa ya makande ukiiepua usiku, asubuhi unaikuta bado na uvuguvugu. Bakuli moja hupoa hata kabla hujalala. Hui Shi na wenzake walionyesha mwaka 2022 kwamba kwa sababu hiyo bahari karibu kote duniani itapungukiwa na kumbukumbu katika karne hii: joto la mwaka huu litazidi kushindwa kuueleza mwaka ujao. Mwaka 2020 wengine walionyesha kwamba mpishano wa Pasifiki nao, dunia ikipata joto, utakuwa mfupi na mgumu zaidi kutabirika.

Ikiwa hivyo ndivyo, mapokeo yote matatu yanapigwa mahali pamoja. Mwembe, mwongo na kompyuta vyote vilikopa kumbukumbu ya bahari. Mzee alitabiri vuli kwa sababu joto la Agosti lilikuwa na habari za Novemba. Nahodha aliiamini siku ya themanini ya Nairuzi kwa sababu siku hiyo ya miaka iliyopita haikumwangusha. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inatoa mwelekeo wa vuli kabla ya Oktoba kwa sababu joto la bahari linadumu miezi kadhaa, na hata hivyo masika, ambayo hayajashikamana na bahari kwa namna hiyo, yamekuwa magumu kwao siku zote. Tangazo lao lina neno ambalo mkulima hulisikia bila kulipima: wastani. Mvua za wastani hadi juu ya wastani. Wastani huo ni wa miaka thelathini, nao husogezwa kila miaka kumi ikiisha. Kwa mtu wa miaka sabini, wastani wa redio si wastani wake. Ana wastani wa ujana wake kichwani, na ndio anaoutumia kuamua apande au asubiri.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotaka kuyatukuza maarifa ya asili kwa jumla. Mlimani walikuwa sahihi kwamba nchi hupashwa moto na matendo ya watu. Walikosea anwani. Wazo la kupoza nchi lilimtafuta mkosaji karibu: kijana aliyekata mti wa msitu wenye mwiko, mwanamke aliyepita pasipopitwa akiwa hedhini, ndugu mwenye ulimi mchungu. Waliobeba lawama ya mvua mara nyingi walikuwa wanyonge waliokaa jirani na mpungi. Magharibi mwa Bahari ya Hindi pamekuwa pakipata joto kwa zaidi ya karne, kwa kasi inayozipita bahari nyingine za tropiki, na hakuna kesi ya Ugweno inayoweza kulieleza hilo. Sayansi imetupa anwani sahihi, iliyo mbali sana. Ila imetunyima kitu ambacho baraza lilikuwa nacho: utaratibu wa kumwita mwenye kosa aje aseme.

Tazama yaliyoandikwa. Uamuzi uliopitishwa Paris mwaka 2015 pamoja na mkataba wa tabianchi unasema waziwazi, katika aya ya 51, kwamba kifungu kinachohusu hasara na uharibifu hakiwi msingi wa dhima wala fidia. Mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 na kuanzishwa Dubai mwaka uliofuata umejengwa juu ya msingi huo huo: mwenye kutoa anatoa kwa hiari, na hakiri lolote. Ukimweleza mzee wa mpungi kwamba mnyama ataletwa lakini aliyemleta hasemi kwa nini, atauliza mmekuja kufanya nini hapa. Kwa mapokeo yake kuungama hutangulia kisu. Bila hilo ile ni nyama tu.

Julai 23, 2025, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague ilitoa maoni yake, kwa ombi lililoanzishwa na Vanuatu, nchi ya visiwa vya Pasifiki: nchi zina wajibu wa kisheria wa kulinda mfumo wa tabianchi, kushindwa kuutimiza kunaweza kuwa kosa, na kosa linaweza kuzaa fidia. Maoni hayo hayana nguvu ya hukumu. Lakini Wapare ndio wanaotaniwa nchi nzima kwamba wako tayari kuuza ng'ombe ili washinde kesi ya kuku, na waliwahi kukusanyika Same kwa miezi katika miaka ya 1940 kuigomea kodi ya mbiru. Kesi hii ni kubwa kuliko kuku. Na safari hii ushahidi uko chini ya Ziwa Chala, umepangwa mwaka kwa mwaka.